Kiraka

Jumatatu na Alhamisi nabadili kiraka:
mara hii chini ya kiuno kushoto, mara ijayo kulia.
Chembamba, chaonekana na hakionekani.
Kingo zake hukusanya nyuzi za gauni la kulalia
zikaacha mraba wa kijivu
ninaoutoa kwa mafuta ya nazi, taratibu,
kama nitoavyo gundi kwenye hariri ya mteja.

Mimi fundi cherehani. Miaka kumi na tisa niko Dundee,
nimeshona viraka vya magoti na viwiko,
nimeongeza viuno vya kilti za mabwana harusi.
Sikujua ngozi nayo hufika pa kutiwa kiraka.

Ilianza Februari. Pini nimezibana midomoni,
Bi Moira Geddes kasimama juu ya kigoda akisubiri upindo,
mara fukuto: moto chini, moto juu,
nikawa mkate wa kumimina uliopaliwa makaa.
Nikatoka hadi barabarani na blauzi tupu,
theluji ikiniangukia, kichwa kikifuka.

Halafu usiku: saa tisa, macho makavu,
shuka naanika juu ya redieta.
Halafu maneno: mkasi nikauita
“kile cha midomo miwili”, na fundi ni mimi.

Mama alikuwa akiamka usiku, kule Muheza,
akikaa kizingitini, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.
Asubuhi kijiko kikianguka tu
tunakiona cha mtema kuni.
Tulimwita mkali.
Mama alikuwa anaungua.

Daktari Laird, umri wa mwanangu wa kwanza,
alinipima presha, akauliza habari za matiti,
za damu kuganda, nani kwetu alikufa na nini.
Hakuniahidi usichana. Akasema: kiraka hiki,
na kidonge cha usiku, cha kuulinda mji wa mimba.
Kwa Kiingereza neno lile halina mitaa.
Kwetu ni mji, na wenyeji wake walishahama.
Sawa. Hata mji mtupu huwekwa mlinzi.

Dada yangu Mashavu alicheka kwenye simu:
“Homoni za dukani! Utaota ndevu, wewe.”
Nilimwacha acheke.

Wiki ya sita niliamka kumekucha,
shuka kavu. Nikakaa nikiishikashika
kama mtu aliyerudishiwa pochi na pesa zimo.
Goti bado laniuma. Juzi tu nililia
kwa sababu ya uzi usiofanana na kitambaa.
Lakini mkasi ni mkasi.

Jana Mashavu kapiga, kwake usiku wa manane,
sauti ya chini, kama aliyejifungia chooni.
Habari za huko, watoto, bei ya mchele.
Kisha kimya. Nikasikia kitu kikipepea,
kikipumzika, kikipepea.
“Hicho kiraka,” akasema,
“huku Tanga kinauzwa?”