Mkwaju, Nyumbani, Mkwaju, Syombua

Miaka sita niliamkuliwa kwa jina la mwanamume.
"Karibu tena, Gareth," ilisema kila asubuhi,
nami napanguza vumbi la Ngara kwenye kioo,
naitika moyoni: asante, ndugu, umeamkaje.
Mashine ya mitumba ni kama koti la mitumba:
mfukoni husalia tikiti ya treni
ya mji usioujua.

Gareth simjui. Aliniachia picha moja,
mbwa mweupe kwenye theluji,
nami sikuiondoa. Ningeanzaje kumfukuza
mtu niliyemkuta?

Kisha ikaja homa ya flashi.
Mteja kaileta na ratiba ya mazishi,
na mafolda yangu yote yakageuka
njia za mkato zisizofika popote.
Pembeni, maandishi yale yale:
nakala hii si halali. Nakala hii si halali.
Ungedhani ni kanjo wamesimama mlangoni.

"Tuhamie Linaksi," akasema Ombati, fundi wa Luthuli.
Nikauliza bei. Akacheka: ni ya bure.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Cha bure nimewahi kukichukua Nairobi hii,
na mpaka leo nakilipa.

Tukaanza saa kumi, stima ikatuvumilia.
Chagua lugha. Nikashuka orodha kama ngazi za jengo letu,
nikakikuta Kiswahili kimejikunyata chini kule.
Nusu ya menyu ikaitika, nusu ikabaki Kiingereza,
kama mtoto wa Buruburu aliyetumwa dukani.

Jina lako nani?
Nikamtazama Ombati. "Ni wewe unaulizwa, mama."
Nikakosea mara mbili
kuandika jina langu mwenyewe.

Futa kila kitu kilichomo?
Kazi za wateja tulishazinakili.
"Na mbwa?"
"Mbwa gani?"
Nikabonyeza.

Nenosiri, ikasema, kwenye ule ubao mweusi.
Nikaandika. Hakikutokea kitu, hata nyota, hata nukta.
"Kibodi imekufa!"
"Haijafa. Inasikia, ila haionyeshi."
Basi nikaandika kama anayeomba chumbani peke yake,
herufi kumi gizani,
ikafunguka.

"Diski C iko wapi?"
"Hakuna C huku. Kila kitu kinaanzia kwenye mkwaju."
Mkwaju! Mimi niliujua wa penalti,
na ule wa kwetu Kibwezi, tunda lake hutiwa ujini.
Akanionyesha kistari kilichoinama, peke yake,
kisha akakifuata kwa kidole kwenye kioo:
mkwaju, nyumbani, mkwaju, Syombua.

Nimekaa mji huu miaka ishirini na minane.
Nyumba yangu ni Ngara, ghorofa ya tatu,
lakini nyumbani, ukiniuliza, nitakutajia kwingine;
wapangaji wote hapa husema hivyo,
hata waliozaliwa Pumwani.
Na kitu hiki kisichojua Kibwezi
wala tarehe ya kodi
kimeniandikia nyumbani, na jina langu mlangoni.

Usidhani mambo yalinyooka.
Printa ilikataa siku mbili.
Fonti zilibadilika, tanzia ya Mzee Gachuhi ikatanuka,
mwaka wa kuzaliwa ukakimbilia ukurasa wa pili
ukamwacha marehemu amekufa kabla hajazaliwa.
Bintiye aliona kabla yangu. Alicheka
akiwa na kitambaa cha machozi mkononi,
nami nikapunguza bei.

Leo nimewasha mapema, kabla wa viatu chini
hawajafungua. Hakuna karibu tena.
Ni jina langu tu, na kisanduku cheupe kinangoja.
Nimekitazama kitambo.
Kisha nikasema, kwa sauti, dukani peke yangu:
umeamkaje.