Jicho la Kushoto

Duka la kwanza lilikuwa la matairi kabla yetu.
Harufu ya mpira ilikaa ukutani miaka miwili
na watu wa Wichita, wapole, wakadhani ni kiungo.
Meza sita, moja inachechemea,
na Doña Eufrasia mbele ya jiko la gesi la mtumba
lenye macho manne. Matatu yalimtii.
La kushoto, la nyuma, halikujua kunong'ona:
ama liwake lote, ama lizime.
Hapo ndipo alipochomea nyanya na pilipili.
Zikaungua upande mmoja, zikabaki mbichi wa pili,
akazisaga hivyo hivyo, ganda na masizi,
akazimwaga juu ya nyama bila kuomba radhi.

Mimi nilikuwa muosha vyombo, mtu wa Uvira;
njia niliyojia ni ndefu, si ya shairi hili.
Siku ya kwanza alinipa tortila mkononi, ya moto.
Nikaigeuza, nikaiinua kwenye taa:
ugali huu umefunga mwezi mzima!
Nilicheka hadi povu likanipanda puani.
Naye akacheka, bila kujua anachekea nini.

Kisha Salina. Kisha Hays, Emporia,
Dodge City yenye upepo wa ng'ombe.
Mwanawe, Efraín, alikuwa na ramani ya Kansas
na pini za fundi cherehani.
Haba na haba, baba yangu alikuwa akisema,
ila hakusema kibaba kikishajaa kinakwenda wapi.
Chetu kilimwagika hadi Oklahoma.
Benki ikakopesha, kisha benki ikaanza kuonja.

Nikapewa shati lenye kola na cheo: mkufunzi.
Nililala hoteli za kando ya barabara kuu,
maghala ya ngano yamesimama dirishani
kama wageni walioambiwa wasubiri,
na asubuhi nikawafundisha watoto wa wakulima kukunja burito:
kama unavyomfunika kichanga, nikasema,
miguu kwanza, na usimbane.
Karatasi ya ukutani, iliyovikwa plastiki, ilisema mengine:
nyanya gramu mia na arobaini,
tabasamu kabla ya sekunde ya tano.

Kufika tawi la kumi na tisa, sosi ilikuja kwa lori,
ndoo za lita ishirini, nyekundu sawasawa.
Wateja wakala. Wakalipa. Wakaacha nusu.
Hakuna aliyelalamika,
na hilo ndilo lililomnyima Efraín usingizi.
Akaitwa mtaalamu wa ladha, Bwana Haldorsen,
mwenye vijiko vidogo kama vya dawa.
Alionja siku tatu. Kuna kitu, akasema, kimetoka.
Mimi nilijua. Doña Eufrasia alijua.
Alinitazama juu ya miwani yake
nami nikahesabu vigae vya sakafu.
Utamwambiaje mtu mwenye majiko mapya hamsini,
yote matiifu,
kwamba anachokitafuta ni ubovu?

Wakatia unga wa moshi. Namba kumi na nne.

Tawi la thelathini na moja lilifunguliwa Tulsa, mwezi Machi.
Mlangoni, nyuma ya kamba, lile jiko la kale,
limesuguliwa, limepakwa rangi ya fedha,
na juu ya jicho la kushoto chungu cha maua ya plastiki.
Watu wakapiga picha. Bibi akaligusa kidogo,
kama anayetoa pole kwenye msiba wa jirani asiyemjua.
"Njoo Jumapili," akaniambia. "Na usivae hilo shati."

Nyumbani kwake kulikuwa na jiko jipya, zawadi ya mwanawe,
la kuwashwa kwa kidole.
Efraín alishafika, hana tai, anamenya kitunguu.
Mama akawasha. Macho matatu yakanong'ona.
La kushoto likaguruma, likalamba sufuria hadi mpini.
Bisibisi ilikuwa bado mezani, karibu na chumvi.

King'ora cha moshi kikalia darini,
kikalia, kikalia,
na sisi tukavuta viti karibu.