Pedi ya Nne

Niliingia kusoma mita, si kuwinda.
Nkuhungu, saa kumi jioni, upepo wa Julai
unalikwangua vumbi na kulibandika kwenye meno.
"Mita iko nyuma," alisema Nyemo, macho kwenye kioo,
"ila tumepungukiwa mtu. Chitema kaenda Chunya kwenye dhahabu.
Pedi yake hiyo hapo. Kitufe kimoja tu kinakwama."

Nina miaka arobaini na moja.
Nikakaa juu ya kreti la soda, daftari la mita mapajani.

Nikauonyesha upanga mrefu kama nguzo ya umeme,
unawaka samawati. Ndahani akacheka mpaka akakohoa:
"Huo, mpaka uunyanyue,
mnyama ameshakula na mswaki ameshapiga."
Wakanipa ngao na kisu
ambacho mke wangu angekimenyea viazi.
"Anza na hicho. Kitakufundisha miguu."

Kambini, mpishi anageuza paja zima juu ya moto.
Ule kwanza, wakaniamuru, hakuna anayetoka na njaa.
Yule mtu wangu wa kwenye kioo akala akashiba,
mimi tangu asubuhi nina kikombe cha chai.

Noa. Ukishanoa, noa tena,
kisu butu kwenye magamba ni kokoto kwenye bati.
Na hili Nyemo alilisema taratibu, kama anayehesabu chenji:
"Kuzimia ni mara tatu. Tatu za wote,
si tatu za kila mtu. Ni ndoo moja ya nyumba nzima."

Akatoka.
Kichwa cha kenge, mgongo majabali matupu,
ungedhani kilima cha Mlimwa kimechoka kukaa.
Nilipiga hatua mbili. Mkia.
Nikarudishwa kambini juu ya mkokoteni, miguu inaning'inia.
Nikakimbia kurudi, nikatafuta kitufe cha kunywa dawa,
nikapata kile kinachokwama.
Mkokoteni tena.

Hakuna aliyesema neno, na ndoo imebaki kata moja.
Afadhali wangenitukana.
Mbeleje, mdogo kuliko wote, sare ya shule bado mwilini,
alidondosha chupa zake mbili miguuni pangu
akaendelea kupiga.

Basi nikaacha kupiga. Nikatazama.

Miaka kumi na sita naingia nyua za watu.
Mbwa haanzi na meno, anaanza na bega:
linashuka kidogo, sikio linalala,
kisha ndiyo unajua suruali ilinunuliwa bei gani.
Yule wa Mama Lechipya, kule Makole,
alinifundisha hili, na cheti changu kiko kwenye ndama ya mguu.

"Bega la kushoto," nikasema.
Hawakunisikia.
"Bega la kushoto linashuka! Rukeni kulia!"
Wakaruka. Mkia ukachapa mchanga mtupu.

Tangu hapo sikuua chochote, niliita tu.
Kushoto. Kulia. Subiri, anadanganya. Sasa.
Sauti ninayoitumia getini: "Hodi, maji! Shikeni mbwa!"
na vijana watatu wakiingia na kutoka
chini ya tumbo lile kama watu wanaoanua nguo mvua ikinyesha.

Akaanza kuchechemea. Nilimhurumia, nisiseme uongo.
Akajikokota hadi pangoni kwake, akalala,
na huko ndiko tulikommalizia.

Wakachuna. Kila mtu na fungu lake,
hata aliyebebwa na mkokoteni mara mbili:
ukucha mmoja, magamba matatu,
na mfupa ambao hakuna aliyejua wa nini.

Nyuma ya kibanda giza lilikuwa limeshaingia.
Nikamulika mita kwa simu, nikaandika 0417,
saba imepinda, vidole bado vinaruka.

Dirisha likafunguka. "Kesho saa kumi?" akauliza Nyemo.
"Kuna mwingine, huyo ana mabawa."

Nikapuliza vumbi kwenye kioo cha mita, nikafunga mfuniko.

"Mabega anayo?"