Dakika Ishirini za Mwisho

Kibokoni, kwa Badi muuza viazi karai,
ubishi hauzimiki hata umeme ukizimika.
Jana ulianza hivi: Twalib kasema
bastola ya stelingi ina matundu sita,
yeye kahesabu risasi kumi na saba na bado yapiga.
Badi, mkono umo ndani ya unga wa dengu, akajibu:
"Stelingi hanunui risasi. Huandikiwa."

Mimi nna yangu. Kwenye filamu
hakuna anayemaliza kula.
Biriani yaandikwa, yafuka moshi,
simu yalia, mtu ainuka, huyoo.
Wali wote ule huenda wapi?
Na hakuna aendaye msalani
ila yule wa kuuawa humo.

Fumo, aliyekuwa akitengeneza simu Makupa
na sasa ajiita mhakiki,
akatuonyesha mfalme wa zama za mapanga,
vita vimekolea, vumbi, farasi wamelala chali,
na juu ya taji, mbali, mbinguni,
mstari mweupe wa ndege.
"Rudisha nyuma." Akarudisha. "Tena."
Tuliitazama ndege ile mara tisa.
Mfalme alikufa mara tisa, hakuna aliyemlilia.

Lakini sote hatumfiki shangazi yangu Thureya.
Siku zake, Jumatano alasiri, sinema ilikuwa ya wanawake.
Mabuibui yakateremka kwa mafungu
na achari ndani ya karatasi, na watoto wa kunyonya,
na leso ya pili, kavu, ya kulilia.
Filamu ya Kihindi ilikwenda saa tatu na ushei.
Babu naye alitaka mlango ugongwe kabla ya adhana ya magharibi.
Hesabu haikukubali.
Basi shangazi kaona filamu arubaini na moja
na hakuona mwisho hata mmoja.

Alikimbia vichochoroni, viatu mkononi,
wimbo ukimfuata hadi kona ya kinyozi, ukachoka, ukarudi.
Akifika, akiwasha makaa ya chai,
filamu ilikuwa ishakwisha kichwani mwake,
na dadaze wameshakaa mkekani wangoja.

Mama kipofu, kwa shangazi, hakurudishiwa macho.
Alifungua duka la vitambaa
na hakuna aliyeweza kumuuzia hariri ya uwongo.
Ndugu wawili waliopoteana utotoni
walikutana kwenye foleni ya maji,
wakagombania ndoo, wakatukanana,
kila mmoja akenda zake, wala hawakujua.
Jambazi alipona. Akaoa. Akanenepa.
Usiku akisikia mbwa, huamka akakaa kitako.

Mwezi uliopita nikaipata hiyo hiyo, ya mama kipofu,
nzima, ndani ya simu yangu.
Nikampelekea mbio kama aliyeokota pete.
Akavaa miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Unipe pale nilipotokea," akasema,
"pale mvua inapoanza na yule dada wa kushoto aanza kukohoa."
Dada wa kushoto hakuwamo kwenye filamu. Alikuwa kwenye kiti.

Tukatazama dakika ishirini.
Radi ikapiga hekalu, mama akaona.
Ndugu wakatambuana kwa kovu, wakakumbatiana,
mara tatu, kutoka pembe tatu.
Jambazi akaanguka jabalini akipiga ukelele
mrefu, ungeweza kuchuja tui na kurudi ukamkuta yuko hewani.
Kisha majina, kisha giza, kisha uso wa shangazi kiooni.

Alininyoshea simu kwa vidole viwili
kama samaki aliyemtilia shaka.
Akanyamaza. Akaangalia mlango.
"Huyu aliyeitunga," akasema,
"yeye naye alikuwa na babake yuwamngoja?"