Pasipoti Pacha

Huko Holstebro, asubuhi ya Machi yenye barafu,
Ratri aliamka mtu mzima kama mtu aamkavyo na mafua.
Barua ya benki ilikuja kwa jina lake tupu.
Kufikia Ijumaa alikwisha saini mkataba
wa chumba juu ya duka la baiskeli.

Katika nchi ile, mtoto nilikuwa mimi.
Tangu ana miaka tisa alinisomea barua za manispaa,
akamweleza daktari wapi paniumapo,
akiruka maneno aliyoona hayamfai umri wake.
“Mama anasema,” alikuwa akisema,
hata nilipokuwa sijasema.

Julai tukaenda Udon Thani.
Marehemu mama yangu alimwachia mjukuu kiwanja
nyuma ya stesheni, chenye migomba sita na kesi ya mpaka.
Ratri alitaka kukiuza, alipe karo.
Karani wa ardhi akahesabu:
“Kumi na minane? Bado miwili.
Huyu mtoto. Mama uombe ruhusa mahakamani kwa niaba yake.”
Akapiga muhuri karatasi ya mtu mwingine.
“Au aolewe. Aliyeolewa tunamhesabu mkubwa.”

Ratri akaniuliza kwa Kidenmaki: kasemaje?
Kithai chake ni cha jikoni,
kinajua chumvi, moto, njoo ule.
Mirathi hakiijui.

Nisiwafiche: nilifurahi.
Nikakaa wima, nikavuta kiti mbele yake.
“Binti yangu anasema,” nikamwambia karani,
naye hajasema.

Usiku akazitandaza pasipoti mbili kitandani,
zote nyekundu iliyokolea, ungedhani pacha:
moja imebalehe, nyingine bado.
“Niliiacha wapi, mama, ile miaka miwili?
Juu ya bahari gani?”
Nikamwambia ukubwa ni jaa,
umepewa likizo, pumzika.
Hakucheka.
Akazima taa, na gizani nikasikia
jinsi nilivyokuwa nimesema “binti yangu”.

Tuliporudi, uwanja wa ndege wa Kopenhagen,
aliuacha mlango wa haraka wa raia,
akapanga nami foleni ya wageni, dakika arobaini.
Askari akauliza: mmetoka wapi, mlifuata nini?
Nikamgeukia, kama siku zote.
Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikajibu mwenyewe, kwa makosa mawili.
Aliyasikia.
Hakuyasahihisha.