Herufi ya Kooni

Kazi ni ya kompyuta, wamesema, kaa mji wowote,
mradi uwe Uholanzi ifikapo mosi Septemba.
Basi ramani nimeitandaza mezani, hapa Kibokoni,
pembe ya juu nimeigandamiza kwa chupa ya achari,
ya chini kwa kisu cha mkate wa mayai,
na feni yaipepesa nchi nzima kama leso iliyoanikwa.

Rotterdam naijua tangu sijaota meno ya pili.
Babangu alikuwa karani wa makontena, Kilindini,
akirudi na daftari lenye majina yaleyale:
Rotterdam, Rotterdam, Jebel Ali, Rotterdam.
Nilidhani ni mtu,
mdeni wake asiyelipa.

Amsterdam kila mtu aitaka,
na kinachotakwa na kila mtu hakina bei, kina mnada.
Chumba kimoja, choo cha kushirikiana na wanne,
na kodi yake yapangisha ghorofa nzima Tudor, na bawabu juu.

Nikasema Hague: kuna ufuo, kuna upepo wa chumvi.
Mamangu akaacha kuchambua mchele.
"Hague? Watu hupelekwa Hague kwa kushtakiwa,
wewe wataka kwenda kwa nauli yako?"
Shangazi Mwanate alicheka hata ushungi ukamvuka.

Eindhoven, akasema Shaali, mji wa balbu,
huko stima haikatiki.
Nikamwambia, stima isipokatika
utamjuaje jirani mwenye mshumaa?

Kisha mamangu akauliza lile ambalo sikulitafutia jibu:
"Na maji?"
Nikamweleza kuwa sehemu kubwa ya nchi ile iko chini ya bahari,
wameizungushia kuta,
na mitambo yavuta maji usiku na mchana, wayatoe.
Akayatazama madumu yetu sita ukumbini,
makavu tangu Jumanne, yamngoja Kombo na mkokoteni wake.
"Wayatoe," akasema.
Akarudia mchele wake.
"Wayatoe!"

Wiki tatu nimepiga simu.
Madalali wa Utrecht, madalali wa Leiden,
Kiingereza chao cha mbio, maswali yao ya mishahara,
wote wakaniita Umu. Bibie Umu. Bi U.
Sikushangaa: hata pasipoti yangu
imeandikwa Umulkeri, na karani wa Nairobi
akaniambia nishukuru, wengine hukosewa hadi mwaka wa kuzaliwa.

Jana usiku akapokea mmoja wa Groningen,
Geertje, aliyekuwa dereva wa basi,
ana chumba cha darini, dirisha moja,
baiskeli isiyo na kikapu, na paka asiyependa wageni.
Akasema: nipe jina lako. Lote.
"Ummulkheri."
"Ummulkheri," akarudia,
na ile *kha* ikatoka pale inapopaswa kutoka,
nyuma ya koo, kavu, kama mchanga uliokwanguliwa kwa kijiko.

Mamangu amefundisha chuoni miaka thelathini na mmoja.
Amepiga sakafu kwa henzirani mara zisizo idadi
kwa ajili ya watoto wageuzao *kha* kuwa *ha*, kheri kuwa heri.
Akainua kichwa.
"N'nani huyo?"
Mwenye nyumba, mama.
"Kasomea wapi?"
Hakusoma, mama. Ndivyo wasemavyo. Hata jina lake,
laandikwa kwa herufi ya gari, latoka kooni.
"Mwambie aseme tena."

Akasema tena. Nikaweka spika.
Mamangu akasikiliza jinsi anavyosikiliza mitihani,
macho kafumba, kidole juu ya goti.
Hakusema ndiyo. Alisema:
"Muulize hiyo darini yavuja?"

Asubuhi nikautafuta mji kwenye ramani nisiuone,
hadi nilipoinua chupa ya achari.
Ulikuwa chini yake wiki zote tatu,
umezungukwa na duara la mafuta,
wanukia ndimu na pilipili.