Fomu ya Sikujua

Karani aliuliza jina la bibi mzaa baba.
Nikasema: Sikujua.
Akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma ya serikali:
"Nenda kaulize, urudi Jumatano."

Nikamweleza kwamba ndilo jina.
Sikujua binti Ntahondi, wa hapahapa Sigunga.
Mama yake alidhani ana chango,
akanywa mizizi wiki nzima, mpaka chango kikalia.
Foleni nyuma yangu ikacheka. Karani akaandika
herufi mojamoja, kama mtu anayevuka juu ya mawe yenye utelezi.

Na babu?
Mlongecha.
Yupi? Daftarini mwake walikuwepo saba,
wote Mlongecha, wote wavuvi, wote wa mwalo mmoja.
Sisi wenyewe hatuwachanganyi.
Yuko Mlongecha Mawese, aliyeanguka mchikichini akaamka anaimba.
Yuko Mlongecha Deni.
Yuko Mlongecha Alhamisi,
na hakuna tena anayekumbuka Alhamisi ile alifanya nini.
Wangu ni Mlongecha Utambi.

"Utambi si jina," akasema karani.

Si jina, ni ushahidi.
Usiku wa kwanza alibisha kwa mzee Ntahondi:
karabai imemharibikia, anaomba utambi.
Akapewa. Usiku wa pili akarudi, umevunjika.
Wa tatu pia: upepo, alisema, na nje
hata jani la mgomba halikutikisika.
Sikujua alikuwa jikoni, anapepeta dagaa,
anahesabu.
Usiku wa nne akatoka na kopo zima la tambi,
akamwekea mkononi: "Vunja zote leo,
kesho uje useme unachotaka."

Mwaka?
Mwaka ule meli ilipokwama mbele ya Herembe
na sukari ikauzwa kwa kijiko.
Mwezi naujua bila kuuliza: mbalamwezi.
Kwetu hakuna anayeoa gizani. Gizani kuna dagaa.
Mwezi ukipevuka taa hazina kazi, nyavu zinaanikwa,
wanaume wanarudi kuwa watu wa nyumbani,
ndipo harusi, ndipo ugomvi, ndipo mimba.
Hesabu mwenyewe: miezi tisa ya angani
inakurudisha palepale, mwezi mzima juu ya paa.
Kwa hiyo baba na shangazi zangu watano
wote walizaliwa mzee yupo uani, anashona wavu,
anajifanya hasikii.
Karani akaandika tarehe mosi Julai.

Kisha akauliza, bila kuinua uso:
babu alizaliwa upande gani wa ziwa?

Hapo foleni haikucheka.

Mama yake, Nyasa, alishikwa na uchungu mtumbwini
wakitoka msibani ng'ambo.
Milima ya kule ilikuwa imezama katika ukungu,
ya huku haijatokeza.
Wajomba wawili walikuwa na makasia.
Mmoja alisema nusu wameshavuka, mwingine akasema bado.
Walinuniana miaka thelathini,
na siku yule wa kwanza alipozikwa
wa pili alisimama ukingoni mwa kaburi, akasema: "Bado."

Haya yote hayaenei kwenye kisanduku cha sentimita nne.

Nikaenda na fomu kwa bibi.
Alikuwa anaipiga pampu ile karabai yenye kioo cha ufa,
taratibu, kwa mkono uliobaki na nguvu.
Nikamsomea swali. Akaniuliza kama karani ameoa.
Nikasema sijui.
"Mimi huyo mtu sikumwona akizaliwa," alisema.
"Nilimwona mlangoni. Andika mlangoni.
Andika na utambi, umevunjika."

Jumatano sikurudi mjini.
Mwezi ulikuwa umekufa, giza limeshiba,
na kule ziwani taa zilikuwa nyingi mno
mtu kuweza kusema ipi iko upande gani.